Prostati iliyogandishwa haisomwi kama prostati nyingine

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya kutibu kansa ya prostati (tezi dume) kwa baridi kali ilieleza vizuri jinsi sindano zinavyoingizwa na jinsi barafu inavyoua uvimbe. Iliishia pale ambapo, kwetu Lubumbashi, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mgonjwa akigandishwa Afrika Kusini au India hurudi nyumbani, na swali la kama kansa imekufa yote linaulizwa hapa hapa, mbele ya picha ya IRM (mashine ya sumaku, MRI) na karatasi ya PSA (kipimo cha damu cha protini inayotolewa na prostati). Sisi tunaofanya kazi ya picha na ya njia ya mkojo tunataka kusema jambo moja: prostati iliyogandishwa ina kanuni zake za kusomwa, na bila ripoti ya matibabu hata msomaji hodari wa picha anabaki kukisia.

Tuanze na barafu yenyewe, maana asiyeielewa hataelewa picha. Gesi ya argoni iliyobanwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 200 hupitishwa ndani ya sindano yenye unene wa milimita moja na nusu hivi. Ikifika nchani inapanuka ghafla, inapoa hadi chini sana ya -100 °C, na bonge la barafu linaota kuizunguka ncha ile. Gesi ya heliumu ikipanuliwa vivyo hivyo hupata joto, ndiyo maana mashine nyingi hugandisha kwa argoni na kuyeyusha kwa heliumu. Mzunguko hufanywa mara mbili: kugandisha kama dakika 10, kuyeyusha, kisha kugandisha tena. Kuna seli zinazopasuliwa na fuwele za barafu, kuna zinazokufa wakati wa kuyeyuka maji yanapozivamia, na nyingine hufa saa na siku zinazofuata kwa sababu mishipa midogo ya damu imeziba.

Ukingo wa barafu unaoonekana kwenye picha uko kwenye nyuzi 0. Kansa haifi kwa hakika kwenye nyuzi 0. Lengo la waganga ni -40 °C, na kati ya -20 na -40 zipo seli zinazookoka. Baridi hiyo ya -40 inapatikana milimita kadhaa ndani ya bonge, siyo kwenye ngozi yake. Kwa hiyo barafu ikiishia kwenye ukingo wa uvimbe, uvimbe huo haujatibiwa. Lazima iupite kwa angalau milimita 5. Shida ni kwamba prostati imebanwa pande zote na viungo ambavyo havitakiwi kuganda: utumbo wa mwisho kwa nyuma, msuli wa kubana mkojo kwa chini, mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume pembeni, na mrija wa mkojo ukipita katikati yake.

Wakati wa kugandisha, anayeongoza kazi ni ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) inayofanywa kupitia njia ya haja kubwa, ya megahertz 5 hadi 10. Barafu hurudisha karibu sauti yote ya mashine, kwa hiyo mganga huona mstari mweupe unaong'aa na nyuma yake giza tupu. Ni sawa na kumulika ukuta kwa tochi usiku: upande unaokutazama unauona, ulio nyuma yake huujui. Kwa sababu hiyo sindano za mbele, zilizo mbali na utumbo, huwashwa kwanza, na za nyuma hufuata. Ukianza na za nyuma, giza linafunika kila kitu na unabaki ukigandisha kwa upofu. Mganga hutazama mstari mweupe ukikaribia ukuta wa utumbo na kuzima kabla haujaugusa. Pembeni na mbele, ambako ekografi haioni, hutegemea vipima joto vyembamba vilivyochomekwa karibu na msuli wa mkojo na mishipa ya fahamu. Ndani ya mrija wa mkojo huzungushwa maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 40 hivi ili usigande. Joto hilo likikatika, nyama iliyokufa ndani ya mrija humeguka baadaye na kuziba mkojo.

Katika miaka ya 1960 waganga walikuwa wakigandisha prostati kwa naitrojeni ya maji bila picha yoyote, na wagonjwa wengi walitoka na matundu kati ya mrija wa mkojo na utumbo. Tiba ikakaribia kuachwa. Iliyoirudisha ni ekografi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kazi ya Gary Onik na wenzake huko Marekani. Bila kuona, barafu ni hatari, hilo halijabadilika.

Kwa nini tunachosha wasomaji na habari za chumba cha upasuaji? Kwa sababu sehemu ambazo mganga alizionea huruma ndizo ambazo kansa hurudi. Ncha ya chini ya prostati, ambako aliogopa kuharibu msuli wa mkojo. Nyama inayozunguka mrija uliopashwa joto. Ukanda wa nyuma unaopakana na utumbo. Pembe la mbele ambalo lilikuwa gizani. Msomaji wa picha anayejua hivyo huelekeza macho kwanza kwenye kingo hizo badala ya kukodolea katikati ya kovu, ambako mara nyingi hakuna kitu.

Kuna mahali ambapo kugandisha hufanywa ndani ya IRM yenyewe. Barafu huonekana nyeusi kabisa katika kila aina ya picha na umbo lake lote linaonekana, mbele na nyuma, bila kivuli. Lakini sindano lazima ziwe za madini yasiyovutwa na sumaku na kila kifaa chumbani vivyo hivyo, na gharama yake ni kubwa. Skana ya mionzi (CT) nayo huonyesha barafu kama rangi ya kijivu iliyopungua, ila kwenye prostati haitofautishi vizuri uvimbe na nyama nzima. Faida yake iko zaidi kwenye figo.

Sasa tuje kwenye picha za baada ya matibabu, na kosa la kwanza ni haraka. Familia ina wasiwasi, mzee amerudi tu, wanataka IRM wiki ileile. Picha ya siku za mwanzo, ikipigwa na dawa ya kontrasti (inayopita na damu na kung'aa pichani), inaonyesha shimo lisilopata damu lenye ukingo unaowaka. Shimo hilo ni sehemu iliyokufa, na inafaa kujua kama limefunika mahali uvimbe ulipokuwa. Lakini ukingo unaowaka ni kuvimba kwa nyama iliyojeruhiwa, na seli chache za kansa zilizobaki ndani ya ukingo huo haziwezi kutambuliwa. Damu iliyovuja hung'aa kwenye picha za T1 (T1 na T2 ni aina mbili za picha za IRM) na kujifanya kontrasti. Wiki zinazofuata kila kitu kimevimba. Baada ya miezi kadhaa nyama iliyokufa imefyonzwa, prostati imesinyaa na kupinda, kapsuli, yaani ganda lake la nje, imenenepa, kovu limekomaa. IRM yenye maana kuhusu kansa ni ya mwezi wa 6 hadi wa 12 tangu kugandishwa. Kabla ya hapo, fedha hizo zitunzwe.

Isipokuwa kuna dalili za hatari. Homa, mkojo kuziba, hewa kutoka pamoja na mkojo, au mkojo kutoka kwenye njia ya haja kubwa: hizi hazingoji miezi 6. Tundu kati ya mrija na utumbo linaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya matibabu. Mwenye dalili hizo asiingizwe kifaa cha ekografi wala kidole cha haraka kwenye njia ya haja kubwa. Atafutiwe picha ya mrija au ya kibofu kilichojazwa kontrasti, na mganga wa njia ya mkojo aarifiwe siku hiyo hiyo.

IRM ipigwe namna gani? Mashine yenye sumaku ya tesla 1.5 inatosha ikiwa ina koili nzuri ya kiunoni. Ya tesla 3 ni bora. Vipande visizidi milimita 3. Picha za T2 katika pande tatu. Picha za difusio, yaani za mwendo wa maji ndani ya nyama, ziwe na b (nguvu ya kipimo hicho) ya juu isiyopungua 1400, pamoja na ramani ya ADC, ambayo huwa nyeusi pale maji yanapobanwa. Kisha T1 bila kontrasti, na hii ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka ili kuokoa dakika chache. Bila hiyo, damu ya zamani inayong'aa haiwezi kutofautishwa na kansa inayonyonya dawa, kwa kuwa hakuna picha ya kabla ya dawa ya kulinganisha na ile ya baada yake. Halafu kontrasti ya gadoliniumu, milimoli 0.1 kwa kilo. Kwa dawa ya milimoli 0.5 kwa mililita, mtu wa kilo 70 anapata mililita 14, zikisukumwa kwa mililita 2 hadi 3 kwa sekunde na maji ya chumvi nyuma yake. Picha zirudiwe kila sekunde 15 au chini ya hapo, kwa dakika 2 na zaidi. Sindano ya mkono hapa haifai: mwendo ukibadilika, kipimo cha kasi ya damu kimekwisha.

Kabla ya kontrasti, kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ipimwe. Figo ikiwa chini sana, kiwango cha uchujaji chini ya 30, zungumzeni kwanza na mchague dawa ya aina ya pete iliyofungwa, ambayo ni salama zaidi. Mgonjwa apite chooni kabla ya kupanda kitandani. Hewa kwenye utumbo wa mwisho hupindisha picha za difusio kiasi cha kuzifanya zisisomeke, na mahali zinapopindika zaidi ni ukanda wa nyuma, palepale tunapopatazamia. Chuma cha nyonga ya bandia hufanya vilevile. Tena, kwa hali yetu ya delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu: msiingize kontrasti kabla ya kuhakikisha kwamba umeme utashikilia robo saa ijayo au jenereta iko tayari. Umeme ukikatika sekunde 40 baada ya sindano, dawa imepotea na kipimo hakirudiwi siku hiyo.

Namna ya kusoma ndiyo iliyobadilika sana miaka hii. Kwa prostati ambayo haijaguswa tuna mfumo wa PI-RADS wa kutoa alama za shaka ya kansa, toleo la 2.1 la mwaka 2019, ambao hutegemea sana T2 na difusio huku kontrasti ikiwa msaidizi. Ukiutumia mfumo huo kwenye kovu la barafu utaona kansa kila mahali, kwa sababu kovu ni jeusi kwenye T2 na jeusi kwenye ADC, kama kansa. Mwaka 2023 wataalamu walipendekeza kipimo kingine kwa ajili ya prostati zilizotibiwa sehemu, kiitwacho PI-FAB, chenye alama 1 hadi 3. Mpangilio wake umegeuzwa: kontrasti inatangulia, b ya juu inafuata, T2 inakuja mwisho.

Mantiki yake ni rahisi. Kovu halina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo halikimbilii dawa. Mstari mwembamba unaowaka polepole kuzunguka kovu ni wa kawaida. Kinachotia shaka ni kibonge kinachowaka mapema, mapema kuliko nyama ya jirani, tena kiko pale pale ambapo uvimbe wa zamani ulikuwa au kwenye ukingo wa kovu. Kikiwa pia kinang'aa kwenye b ya juu, shaka imekuwa kubwa. ADC peke yake isikutishe: kovu ni jeusi kwenye ADC lakini haling'ai kwenye b ya juu, kwa hiyo zitazameni zote mbili bega kwa bega. Na upande wa prostati ambao haukugandishwa usomwe kwa PI-RADS ya kawaida. Ripoti moja, kanuni mbili, na iandikwe wazi ipi imetumika wapi.

PSA nayo imekuwa chanzo cha furaha na vilio visivyo na msingi. Ikiwa prostati yote iligandishwa, PSA inapaswa kushuka sana. Ikiwa nusu tu iligandishwa, nusu iliyobaki inaendelea kutoa PSA yake halali, na kuitaka iwe sifuri ni kutaka muujiza. Kanuni ya kiwango cha chini kabisa kuongeza 2, ambayo waganga wengi huitumia, ilitengenezwa kwa wagonjwa waliopigwa mionzi. Kwa waliogandishwa imeazimwa tu. Tunachopendekeza ni kuangalia PSA pamoja na ukubwa. Ukubwa hupatikana kwa urefu mara upana mara kimo mara 0.52. Prostati ya sentimita 5 kwa 4 kwa 4 ni mililita 41.6 hivi; PSA ya 2.5 ndani yake ni 0.06 kwa mililita. Prostati hiyo ikisinyaa hadi 4 kwa 3 kwa 3, ni mililita 18.7, na PSA ileile ya 2.5 sasa ni 0.13. Karatasi ya laboratwari inaonyesha namba ileile, lakini kila mililita ya nyama iliyobaki inatoa PSA mara mbili na zaidi. Hapo IRM isisubiri.

Pimeni kwenye laboratwari moja, kwa mashine moja, na siyo wiki chache baada ya maambukizo ya mkojo au kuwekwa sonda (mpira wa mkojo). Ngojeni kama wiki 6. Mwambieni mganga kama mzee anakunywa finasteride au dutasteride, ambazo hupunguza PSA kwa karibu nusu, au kama alipigwa sindano za homoni kabla ya kugandishwa ili prostati ipungue. Sindano hizo zikiisha nguvu PSA hupanda yenyewe bila kansa kurudi, na wapo waliokatishwa tamaa bure kwa sababu hiyo.

Kuhusu ekografi ya tumbo, ambayo ndiyo rahisi kupatikana hapa kwetu: inafaa kupima mkojo unaobaki kibofuni, kuona kama figo zimevimba, kukadiria ukubwa wa prostati. Haiwezi kusema kama kansa ipo au haipo. Ripoti ya ekografi inayoandika "hakuna kansa iliyobaki" kwa mtu aliyegandishwa imeandika kisichoonekana, na tunawaomba wenzetu waache sentensi hiyo. PET ya PSMA, skana inayofuata dawa ya mionzi inayoshika seli za kansa ya prostati, inasaidia PSA inapopanda na tunatafuta kansa iliyotoka nje ya prostati. Galiamu-68, inayotoa mionzi hiyo, hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 68, kwa hiyo haisafirishwi mbali. Mgonjwa ndiye husafiri kuifuata. Si kipimo cha kuanzia.

Yote haya yanategemea mkoba wa karatasi anaorudi nao mgonjwa. Kabla ya kuondoka hospitali ya kule aombe ripoti ya siku ya kugandishwa: sindano ngapi, ziliwekwa wapi, dakika ngapi kila mzunguko, vipima joto vilifika nyuzi ngapi, ni prostati nzima au upande mmoja. Aombe matokeo ya biopsi (vipande vya nyama vilivyotolewa kwa sindano) ya kwanza yakionyesha kila kipande kilitoka wapi na alama yake ya Gleason, yaani ukali wa kansa, na PSA zote zikiwa na tarehe. Aombe IRM ya kabla ya matibabu katika diski, yale mafaili kamili ya picha (DICOM) yenyewe. Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp haina vipimo, haina mfuatano wa vipande, na kwenye difusio haina thamani yoyote. Mganga anayeomba IRM hapa aandike kwenye karatasi ya ombi angalau tarehe ya kugandishwa, upande, na PSA ya mwisho. Ombi lenye maneno "kontroli ya prostati" peke yake lirudishwe kwa aliyeliandika kabla mgonjwa hajalipa.

Na IRM ikiwa safi? Bado biopsi inahitajika, kwa kawaida kati ya mwezi wa 6 na wa 12 tangu kugandishwa, kwa sababu vibonge vidogo vya kansa hupita chini ya uwezo wa macho ya mashine. Sindano ziingie ndani ya kovu, kwenye kingo zake, na upande wa pili pia. Kila mahali pawe na chupa yake yenye jina la mahali hapo, formalini ya asilimia 10, kiasi cha mara 10 ya ukubwa wa nyama. Vipande vyote vikitiwa chupa moja, matokeo yatasema kansa ipo bila kusema iko wapi, na mgonjwa hawezi kugandishwa tena kwa jibu la namna hiyo. Daktari wa patholojia aandikiwe kwamba nyama hii iligandishwa, na lini, asije akashangazwa na makovu na mabaki ya damu ya zamani.

Ni sisi, wafanyakazi wa picha na wa njia ya mkojo,
Lubumbashi